Alilia Kidogo Tu

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kama kawaida, nikachemsha maji ya kutosha watoto kumi na wawili, halafu nikakumbuka kwamba naishi peke yangu. Nikanywa chai. Nikafagia ua ambao ulikuwa safi tangu jana. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Ilipofika saa nne uvumilivu ukanishinda, nikampigia simu Solange, binti aliyechukua nafasi yangu katika chumba cha watoto wachanga.

"Solange, mmeamkaje huko?"

"Tuko poa kabisa, Tantine. Kila kitu iko sawa."

"Kuna aliyenitafuta?"

"Oya, Tantine! Hakuna hata mmoja amelia. Wewe pumzika tu, usijipe mawazo. Turagukunda, tunakupenda."

Solange ni binti mwema na alinijibu kwa upendo. Nikamshukuru, nikaweka simu mezani, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto wa siku ya kwanza.

Wiki ileile Madamu, mkurugenzi wetu, akanitumia ujumbe kuniomba niandike uzoefu wangu kwa ajili ya wafanyakazi wapya. Nadhani alitarajia kurasa mbili kuhusu usafi. Naweni mikono. Haya, hilo limekwisha. Mimi nataka kuwaandikia kuhusu jibu alilonipa Solange. Sitaki kumlaumu, kwa maana mimi mwenyewe niliwahi kumpa mtu jibu kama hilo, mara moja tu katika miaka yangu yote ya kazi, na jibu hilo lilimnyang'anya bibi mmoja mjukuu wake.

Lakini nianze nilipoanzia.

Nililelewa Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na niliporudi nyumbani Rwanda nilikuwa na watoto wawili, masanduku mawili, na Kinyarwanda chenye lafudhi iliyowafanya watu sokoni waniombe nirudie nilichosema ili wacheke vizuri. Krechi yetu, mahali pa kulelea watoto mchana, ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, karibu kabisa na njia panda ya Sonatubes, mahali ambapo hata mtoto akilala usingizi mzito kuna pikipiki itamwamsha. Niliomba kazi pale nikiwa na uhakika kwamba sina cha kufundishwa. Nimezaa, nimelea, mtu ataniambia nini?

Aliyekuja kuniambia alikuwa Tantine Josefina. Alikuwa mama mnene wa Bukavu, aliyevaa viatu vya plastiki vya kiume na ambaye hakuwahi kukimbia hata siku moja nilipokuwa naye. Asubuhi ya kwanza sikupewa mtoto. Nilipewa kigoda, nikaambiwa nikae mlangoni.

"Nikae nifanye nini?" nikauliza.

"Utazame," akasema Josefina. "Kazi yetu njo hii mulango. Kulisha mutoto kila mutu anajua."

Nilikaa mlangoni wiki nzima huku nikijiona nimedharauliwa. Ilipofika Alhamisi nikaanza kuona. Niliona kwamba mama anayeondoka kwa kunyata, mtoto akiwa ametazama upande mwingine, anamwachia mtoto kazi ya kumtafuta siku nzima. Niliona kwamba mtoto hapokonywi mikononi mwa mama. Unasubiri, hata kama foleni inafika barabarani, mpaka mama mwenyewe amtoe. Na niliona jinsi Josefina alivyojibu swali la jioni.

Swali la jioni mnalijua. Wazazi wote huliuliza, na wengine huliuliza kabla ya salamu. Alilia? Wanauliza huku wakijifanya wanatafuta soksi iliyopotea, au wanasoma simu, lakini wanaposubiri jibu pumzi inakuwa imesimama.

"Alilia kidogo tu," Josefina alikuwa akijibu. Kwa kila mtu, kila siku ya kwanza.

Nilimuuliza kwa nini anasema hivyo hata kwa mtoto aliyelia mpaka sauti ikamkauka, na hata kwa yule aliyeingia akicheka, akatoka akicheka.

"Ukimwambia mama mutoto alilia sana, kesho hatakwenda kazi," akasema. "Ukimwambia hakulia, umemwambia yeye si kitu. Kidogo, hiyo inamutosha. Anaenda nayo nyumbani, analala."

Nikaichukua sentensi ile nikaifanya yangu. Nadhani nimeitamka mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Josefina aliporudi Bukavu kukaa na dada yake, aliniachia chumba cha wachanga, kigoda na sentensi hiyo.

Kuhusu vifaa, mtapewa vingi na vingine vitakuja na kitabu cha maelezo. Vinavyofanya kazi ni vichache. Kuna chupa ya chai inayotunza maji ya moto mpaka saa tisa. Ikiwa saa saba tu maji yameshapoa, chupa hiyo itupeni. Kuna vibanio vya nguo vya mbao ambavyo unaandika jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito, maana vya plastiki vinafutika na utamvika mtoto wa watu kofia ya mwenzake. Kuna daftari la makabidhiano. Na kuna mgongo. Mwaka fulani Madamu alileta vitanda vidogo vyeupe, akaja na mgeni mmoja aliyetueleza kwa upole kwamba mtoto atulizwe kitandani, si mgongoni. Tulimsikiliza, tukaandika, tukamsindikiza mpaka getini. Alipopata pikipiki tukarudi kuchukua vitenge vyetu.

Mgongo wangu ulijua kazi. Nilikuwa naweza kumfunga mtoto bila kutazama, nikajua kwa uzito wake tu kama amelala au anajifanya. Sasa mgongo huu hauna kitu. Nimejaribu kusema ni mapumziko, lakini ukweli ni kwamba nahisi baridi hapo katikati ya mabega, hata mchana wa jua. Nimewakosa kwa mwili kabisa. Nakosa pumzi zao shingoni, mate yao kwenye blauzi, na ule mguu mmoja ambao lazima utokeze nje ya kitenge hata uufungie vipi.

Nao hawanikosi, na hilo ni sehemu ya kazi. Mtoto akifika miaka minne au mitano amekusahau, hata kama ni wewe ulimfundisha kushika kijiko. Mwaka juzi nilikuwa Gisimenti nasubiri kununua mishikaki, akapita kijana mrefu na wenzake wawili. Nilimjua kwa sikio lake la kulia, lenye mkunjo juu. Nilimbeba miezi kumi na minne. Alinisalimia "muraho" kwa heshima, kama anavyomsalimia mama mzee yeyote aliyeziba njia, akapita. Mishikaki ilipokuja sikuwa na hamu nayo.

Sasa nifike kwa Ganza.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, msimu wa mvua ndefu. Jumatatu saa moja na dakika kumi asubuhi alifika baba kijana, Faustin, akiwa na mtoto wa miezi tisa mkono mmoja na begi mkono mwingine. Kila kitu ndani ya begi kilikuwa kipya. Chupa ya maziwa ilikuwa bado na karatasi ya bei. Mama yake Ganza alifariki alipomzaa. Aliyemlea tangu wiki ya kwanza ni bibi yake, mama wa Faustin, kule Masaka, pembezoni mwa mji. Faustin alikuwa analala mjini kwa rafiki akitafuta kazi, na kwa bibi alikuwa anafika mwisho wa wiki.

"Kwa nini mmemtoa kwa bibi?" nikamuuliza, kwa sababu hilo lazima uliulize.

"Ameanza kutambaa, Tantine. Na maman hawezi kuinama wala kukimbia, aliumia mgongo. Wiki iliyopita alimkuta karibu kabisa na jiko la makaa. Alinipigia simu analia. Akasema, njoo umchukue kabla sijamuua."

Faustin alikuwa amepata kazi kwenye duka la vigae pale Sonatubes, na alikuwa kwenye majaribio. Mpango wao ulikuwa rahisi: Jumatatu mpaka Ijumaa mtoto atakuwa kwetu, Jumamosi na Jumapili atakuwa Masaka kwa bibi.

Faustin aliaga vizuri, nampa sifa yake. Alichuchumaa, akamtazama mtoto usoni, akamwambia papa anaenda, papa atarudi. Kisha akaenda kweli. Ganza akautazama mlango. Hakulia papo hapo. Aliutazama kama mtu anayesubiri kuelezwa, na alipoona hakuna maelezo yanayokuja, akaanza.

Nimesikia vilio vingi. Kile hakikuwa cha hasira wala cha njaa. Alikuwa anaita. Kila mlango ulipofunguliwa alinyamaza, akatazama nani anaingia, akaona siye anayemwita, akaanza upya. Nikafanya ambacho mwanamke yeyote wa hapa angefanya: nikachukua kitenge nikamweka mgongoni, nikaanza kutembea nikimbembeleza, ihorere, ihorere. Akanisukuma kwa mikono miwili kama abiria aliyepitishwa kituo chake. Nikasema labda ni mgongo wangu umezeeka. Solange akamchukua, ikawa vilevile. Dative, mpishi wetu, akaacha sufuria akaja kujaribu. Mwishowe Madamu mwenyewe akavua viatu vyake virefu, akafungiwa mtoto mgongoni juu ya suti, akazunguka uani mara tatu huku simu yake ikiita. Migongo minne ya wanawake wazima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba huenda mtoto huyu hajui mgongo ni nini. Katika nchi hii! Ilikuwa kama kuwaza kwamba kuna mtoto asiyejua maziwa. Na maziwa pia aliyakataa, chupa ya kwanza na ya pili.

Ilipokaribia saa sita Dative alikumbuka chakula. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya kuzunguka na mtoto, kwa hiyo akaketi haraka kwenye kizingiti cha jikoni, ungo mapajani, akamimina maharage aanze kuchagua. Alitikisa ungo mara moja.

Ganza akanyamaza.

Nilikuwa nimemshika, nikahisi mwili wake wote unalegea. Akageuza kichwa. Dative akatikisa tena. Mtoto akataka chini, nikamweka, akatambaa kwenye sakafu ya uani mpaka miguuni pa Dative, akalala kifudifudi, akaweka mkono juu ya mguu wa kushoto wa Dative, na akalala usingizi. Tulibaki tumesimama. Dative hakuthubutu kuacha. Maharage ya siku ile yalichaguliwa mara tano, na watoto wakubwa walikula mkate.

Jioni nilimsimulia Faustin. Akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Maman anachagua maharage ya wafanyabiashara wa sokoni," akasema. "Kumbeba mtoto hawezi, daktari alimkataza. Basi alikuwa anamlaza kwenye mkeka karibu na miguu yake, anafanya kazi. Tangu akiwa wa wiki moja."

Hapohapo simu yake ikaita. Akatazama jina, akaifunika kwa kiganja.

"Ni yeye. Tantine, ndakwinginze, zungumza naye wewe, mimi hataniamini. Ana presha. Ukimwambia alilia, atapanda moto, hizi pikipiki, sasa hivi kuja kumchukua, na mgongo ule. Na mimi kesho nitakosa kazi. Mwambie hakulia."

Nikapokea. Sauti ilikuwa ya mtu anayejikaza.

"Ni wewe iko na mtoto yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Alilia?"

Sentensi ya Josefina ilikuwa mdomoni, tayari, imeiva. Nikamwona Faustin ananitazama kwa mikono iliyofumbatwa kama yuko kanisani. Nikafikiria presha, nikafikiria pikipiki, nikafikiria lile jiko la makaa.

"Hakulia, Mama," nikasema. "Alicheka tu siku nzima. Alikula vizuri, akalala."

Tazama nilivyopamba. Nilikuwa sijaombwa kicheko wala chakula.

"Hata wakati baba yake alienda?"

"Hata wakati huo."



"Eeh," akasema, akamshukuru Mungu. "Imana ishimwe." Ndipo simu ikakatika.

Faustin alinishukuru kwa mikono miwili. Nami nilikwenda nyumbani nikijisifu moyoni kwamba nimeokoa kazi ya kijana na moyo wa mzee kwa siku moja.

Wiki mbili za kwanza tulihamisha maharage yote ya krechi yakachaguliwa karibu na Ganza. Wiki ya tatu alianza kukubali mgongo wa Solange. Wiki ya tano alipiga makofi nilipoingia asubuhi, na sitaficha, nilirudi nje nikaingia tena ili apige tena. Aliota meno, akasimama kwa kushika kigoda changu. Nilimpenda mtoto yule kupita kiasi mlichoambiwa kwenye mafunzo.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Tuna watoto wachache wa Jumamosi, wa wazazi wenye zamu, na Ganza alikuwa mmoja wao. Nikafikiri Faustin ameongezewa siku dukani na kwamba mtoto anapelekwa Masaka Jumapili. Ilipita miezi mitatu, ukaingia wa nne, kabla sijamtania pale mlangoni.

"Faustin, huyu bibi wa Masaka hata meno ya mjukuu hajayaona? Mbona humpeleki?"

Akashusha macho.

"Alikataa, Tantine. Tangu ile wiki ya kwanza. Alisema, mtoto ambaye hakulia siku ya kwanza ameshamaliza na mimi. Eti nikimleta huku na huku ni kumchanganya akili, nimwache na watu aliowazoea. Hataki hata picha kwenye simu. Na kuchagua maharage ameacha, ungo ameugawa kwa jirani. Ni uzee tu, nadhani. Utapita."

Haukuwa uzee. Nilijua ni nini, na nilijua nani amekifanya. Nilimpokea mtoto, nikamwambia baba yake siku njema, nikaenda kujifungia chooni. Mimi niliyekaa kwenye kigoda wiki nzima kufundishwa neno moja, nilimwambia mwanamke yule kwamba miezi yake tisa, mkeka wake, mguu wake, havikuwa kitu. Na yeye akafanya kama wanavyofanya watu waliolelewa kutosumbua: akajiondoa kimya kimya.

Mngetegemea niende Masaka siku ileile. Sikwenda. Jumamosi ya kwanza nilikuwa na nguo za kufua. Jumamosi ya pili kulikuwa na mvua, ingawa si kubwa. Jumamosi ya tatu ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi za pamoja za mtaa, na niliushukuru umuganda ule kuliko siku zote, maana mpaka saa tano hakuna pikipiki inayotembea na mtu hawezi kulaumiwa kwa kubaki alipo. Nilichimba mtaro wa mtaa wetu kwa bidii hata kiongozi wa mtaa akanisifu. Saa tano ikafika. Watu wakaosha majembe. Sikuwa na sababu nyingine.

Maelekezo ya nyumba nilikuwa nimeyapata kwa Faustin kwa kumwambia nataka kununua maharage moja kwa moja kutoka Masaka. Ulikuwa uongo wa pili, lakini huu haukumuumiza mtu. Mwenye pikipiki aliniacha mahali ambapo nyumba mpya za mabati ya rangi zimeanza kubanana na mashamba madogo ya maharage na migomba. Nyumba ya bibi ilikuwa ndogo, chini ya ukuta wa ghorofa linalojengwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, amenyooka wima, kwa kuwa mgongo wake haumruhusu kukaa vingine. Mikono yake ilikuwa mapajani, haifanyi kitu. Mikono ile ndiyo iliyonitisha.

Nikamsalimia. Akainua kichwa.

"Ni wewe," akasema kabla sijajitambulisha. "Ni wewe ya simu."

Kiswahili chake kilikuwa cha biashara, cha miaka ya kupeleka maharage mpakani Rusumo na kurudi. Akaniita ndani, akanipa kikombe cha maziwa mgando, na kwa kuwa nimelelewa na Wanyarwanda nikayanywa yote kabla ya kueleza kilichonileta. Sijawahi kunywa maziwa marefu namna ile.

"Mtoto anaumwa?" akauliza nilipoweka kikombe.

"Hapana, Mama. Ni mzima. Mama, nilikudanganya."

"Nini?"

"Siku ya kwanza. Uliniuliza kama alilia. Alilia."



"Kidogo?"

Hapo njia rahisi ilikuwa wazi, na Josefina mwenyewe ndiye aliyeifagia.

"Hapana, Mama. Si kidogo."

Akanitazama, nikaona hasira inapanda polepole kutoka shingoni.

"Wewe ni mtu mubaya," akasema. "Unajua mimi nililia? Siku tatu. Peke yangu hapa. Nikasema, mimi ni mjinga, mtoto anacheka na mimi ninalia. Nikaona haya hata mbele ya jirani. Nikasema basi, hakunijua, alijua maharage tu. Miezi ine! Umeninyima mtoto miezi ine!"

"Ndiyo, Mama."

"Na alikuwa ananitafuta!"

"Alikuwa anakutafuta."

Sikumwambia kuhusu Faustin na ombi lake. Mdomo ulikuwa wangu. Niliomba msamaha, naye hakunijibu kwamba amesamehe, na mpaka leo hajanijibu. Nje fundi wa ghorofa alikuwa anapiga nyundo. Kisha bibi akauliza, kwa sauti nyingine kabisa:

"Ilianza saa ngapi?"

"Saa moja na robo hivi, baba yake alipotoka."

"Mpaka?"

"Mpaka karibu saa sita."

Akahesabu kwa vidole, moja moja.

"Masaa ine na zaidi," akasema. "Na maziwa?"

"Alikataa."

"Yote?"

"Chupa mbili."

"Mulimuweka mgongoni?"

"Migongo minne, Mama. Mpaka wa mkurugenzi."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno kwa maumivu. "Mgongo hajui! Mimi sina mgongo, atajua wapi?"

Nikamsimulia Dative na ungo. Kicheko kikaisha. Alitaka kujua Dative ni nani, ana umri gani, anatikisa ungo kwa namna gani, nikamwonyesha kwa mikono mitupu, akanirekebisha kiwiko. Nikamwambia mtoto alivyotambaa, alivyolala, alivyoweka mkono juu ya mguu.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Akautazama mguu wake wa kushoto, ndani ya kandambili ya bluu, akautazama kwa muda mrefu sana. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

"Ni huo," akasema.

Nikataka kuondoka, nikisema nitamwambia Faustin. Akanishika mkono. Alinishika kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Mwambie alete mtoto kesho, baada ya misa. Lakini wewe kaa kwanza. Anza tena. Baba yake anafika mlangoni, mtoto iko mkononi. Usiruke kitu."

Nikavuta kiti karibu na benchi lake, nikaanza tena. Nilipofika kwenye chupa ya pili, aliniomba nirudie hapo.